Sura ya 4: Kabla Hujapigiwa Windows

Madukani Kariakoo, au kwenye vibanda vya Luthuli Avenue jijini Nairobi, mteja akishalipia laptopu ya mtumba hubaki swali moja tu. Fundi anachomeka flashi, anainua macho na kuuliza: "Dada, nikupigie ten au eleven?" Dada anajibu eleven, maana namba kubwa ndiyo mpya, na kipya si ndiyo kizuri? Muda si mrefu anaondoka na mashine yenye kitufe cha Start katikati ya kioo, kama alivyokiona kwenye kompyuta ya bosi wake. Hakuna aliyedanganywa hapo, na huenda fundi kafanya kazi safi kabisa. Tatizo ni kwamba uamuzi utakaoiendesha mashine hiyo kwa miaka minne mitano ijayo umetolewa kwa sekunde mbili, na aliyeutoa hakuambiwa anachagua nini.

Alikuwa anachagua tarehe.

Kila toleo la mfumo endeshi lina siku ya kuzaliwa, ambayo hutangazwa kwa mbwembwe, na siku ya kuachwa, ambayo huandikwa kwenye ukurasa ambao wengi hawaufungui. Windows XP ilitoka Oktoba 2001. Microsoft ikaacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009 na kuachwa 14 Januari 2020. Windows 10 ilitoka 29 Julai 2015, na huduma yake ya kawaida ikafungwa 14 Oktoba 2025. Siku ya pili yake kompyuta haizimiki. Inawaka vilevile, Word inafunguka, muziki unapiga, na mwenye mashine anajiuliza kelele zote zile zilikuwa za nini.

Kinachokoma ni viraka. Kila mwezi kuna matundu mapya yanayogunduliwa ndani ya programu hizi, mengine na watafiti waungwana, mengine na wezi. Kampuni huyaziba kwa masasisho. Toleo lililopita tarehe halizibwi tena, na hapo ndipo penye ubaya ambao watu wengi hawauoni: sehemu kubwa ya msimbo wa toleo jipya ni uleule wa toleo la zamani. Tundu linapozibwa kwenye jipya, mwizi hulinganisha kilichobadilika, akajua tundu lilikuwa wapi, kisha akalitafuta kwenye la zamani, ambako litabaki wazi milele. Ndiyo kusema kila kiraka kinachotolewa leo humwongezea hatari aliyebaki nyuma.

Baada ya viraka, zinafuata programu nyingine kuhama. Google iliacha kuitengenezea Windows 7 kivinjari cha Chrome mwaka 2023. Toleo la 109 ndilo lililokuwa la mwisho. Aliyebaki na Windows 7 hakupata taarifa ya msiba. Aliona tu kwamba tovuti moja inagoma leo, nyingine kesho, na kwamba ukurasa wa benki unamtaka atumie kivinjari kipya ambacho mashine yake haikikubali.

Hata hivyo tarehe peke yake haitoshi, na mfano wake bora ni wa tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150, ikifunga mafaili ya watu na kudai malipo kwa bitcoin. Hospitali za umma za Uingereza zilifuta miadi ya maelfu ya wagonjwa. Kwa muda mrefu imesimuliwa kwamba waliopigwa ni waliokuwa bado wanatumia Windows XP, toleo lililokwisha kuachwa. Sivyo. Kompyuta nyingi mno zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado na karibu miaka mitatu ya huduma mbele yake. Tena kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla. Kilikuwepo, kilikuwa cha bure, ila hakikuwekwa.

Kwetu hakiwekwi kwa sababu inayoeleweka: bando. Fundi mwenye huruma humzimia mteja masasisho palepale dukani ili mashine isije ikala MB zake usiku kucha, na mteja humshukuru. Sasisho la mwezi la Windows mara nyingi ni mamia ya MB, na wakati mwingine hupita GB 1, kwa hiyo malalamiko hayo si ya uvivu. Dawa yake lakini si kuzima moja kwa moja. Ndani ya mipangilio ya Wi-Fi kuna sehemu ya kuiambia Windows kwamba intaneti hii inapimwa. Ukiiwasha, mashine huacha kujipakulia mizigo mikubwa bila ruhusa. Kisha mara moja kwa mwezi unaipeleka penye Wi-Fi ya ofisi, ya chuo au ya ndugu, na unairuhusu. Microsoft hutoa masasisho yake Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa zetu ni saa mbili au saa tatu za usiku, kutegemea majira ya Marekani. Jumatano inayofuata, basi, ndiyo siku ya kubeba laptopu. Anayejua kwamba hatafanya hivyo hata mara moja kwa miezi mitatu, kwake mjadala wa ten na eleven ni wa mapambo.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe, maana ndiyo yenye kauli kubwa kuliko mwenye nayo.

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Afrika Mashariki zilianza maisha katika ofisi za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Wakenya huziita ex-UK, na kwa kweli ukibonyeza Shift na 3 kwenye nyingi ya hizo utakuta alama ya pauni. Ni mashine imara, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa safari na mikutano, na bei yake hapa haikaribii hata kidogo ile waliyolipa wa kwanza. Ila zina kitendawili kimoja cha majina.

Chukua EliteBook 840 G3. Wapo wanaoamini kwamba G3 maana yake prosesa ya kizazi cha tatu, na wapo wauzaji wanaoamini hivyo pia. Siyo. Hiyo G ni hesabu ya HP wenyewe ya muundo wa laptopu. Kizazi cha prosesa kinasomwa kwenye jina la prosesa: ndani ya G3 mara nyingi utakuta Core i5-6300U, na tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 6, ndiyo kizazi. Ndani ya G4 mara nyingi kuna i5-7300U: kizazi cha saba. Ndani ya G5, i5-8250U au i5-8350U: cha nane. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo, ni cha kumi. Tena usiliamini jina la nje kupita kiasi. Zipo 840 G5 na ThinkPad T480 ambazo zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha saba, na kwa sura huwezi kuzitofautisha na wenzao. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance, soma mwenyewe.

Kwa nini kizazi cha nane kiwe gumzo? Kwa sababu Windows 11, ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ilikuja na masharti ambayo Windows haikuwahi kuyaweka kwa ukali huo. RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 hazimsumbui mtu. Kinachosumbua ni prosesa: kwa Intel ni kizazi cha nane na kuendelea, ukiacha chache za cha saba, kwa AMD ni Ryzen nyingi kuanzia familia ya 2000. Pia inataka Secure Boot, ambayo hukagua kwamba kinachowashwa mwanzo kabisa hakijachezewa, na TPM 2.0, kijisehemu kinachotunza funguo za siri nje ya diski. Ili kuijua TPM yako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, tazama kama pameandikwa 2.0. Ukiambiwa haipo, usikate tamaa upesi. Kwenye laptopu nyingi za ofisi ipo, ila imezimwa kwenye BIOS.

Maelezo ya Microsoft ni kwamba vifaa hivi vinaifanya Windows iwe ngumu kuvunjwa, na sehemu ya maelezo hayo ni kweli. Ila laptopu ya kizazi cha saba iliyouzwa mwaka 2017 ilikataliwa mwaka 2021, ikiwa na umri wa miaka minne na nguvu ya kutosha kwa kila kitu ambacho familia ya kawaida hufanya. Kwa maoni yangu mstari ule ulichorwa mbele mno. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba mwisho wa Windows 10 ungeweza kuzigeuza takataka kompyuta milioni 240 duniani. Anayenunua mtumba hana budi kujua kwamba ofisi inayoiondoa mashine ya kizazi cha sita au cha saba huenda inaiondoa kwa sababu hiyohiyo.

Mafundi wetu wana jibu: eleven ya nguvu. Programu ya Rufus, inayotumika kutengeneza flashi ya kusakinishia, ina kisanduku cha kuondoa masharti ya TPM na Secure Boot, na prosesa ya zamani nayo hupita. Mashine inakubali, inaenda vizuri, hata masasisho ya usalama ya kila mwezi kwa kawaida yanaingia, ingawa Microsoft wamesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kuyadai. Basi kuna ubaya gani?

Ubaya umejificha kwenye neno eleven lenyewe. Windows 11 si toleo moja. Kila mwaka hutoka jipya, lenye jina la mwaka na nusu yake: 21H2, 22H2, 23H2, 24H2, 25H2. Kwa Home na Pro, kila moja huhudumiwa kwa miezi 24 tu. Toleo la 22H2 lilikufa 8 Oktoba 2024. La 23H2 lilikufa 11 Novemba 2025. La 24H2 linafika mwisho 13 Oktoba 2026, na la 25H2 tarehe 12 Oktoba 2027. Mashine iliyotimiza masharti hupandishwa yenyewe toka moja hadi jingine, mwenyewe akiwa usingizini. Iliyoingizwa kwa nguvu haipandishwi. Inabaki pale ilipoachwa na fundi, hadi mtu aje na flashi nyingine. Na flashi za mafundi, kama kila aliyekaa dukani kwao anavyojua, hazisasishwi kila msimu. Unaweza ukapigiwa "eleven" leo ambayo ni 22H2, toleo lililoachwa mwaka mzima kabla ya ile Windows 10 uliyoikimbia. Andika winver kwenye sehemu ya kutafutia, ubonyeze Enter. Kijidirisha kidogo kitakutajia toleo. Fanya hivyo mbele ya fundi, kama unavyogeuza pakiti ya maziwa kutafuta tarehe kabla hujalipa.

Kwa mashine kongwe zaidi, za enzi ya Core 2 Duo, hata nguvu haisaidii. Kuanzia 24H2 Windows inahitaji maagizo ya prosesa ambayo mashine hizo hazina kabisa, na haiwaki.

Je, kubaki na Windows 10 ni wazimu? Si lazima. Microsoft walitangaza mpango wa kuongeza viraka kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kupitia ukurasa wa Windows Update, ukiwa na toleo la 22H2 la Windows 10 na akaunti ya Microsoft: ama unakubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, ama unalipa dola 30, ama unatoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Ni nafasi ya kupumua na kupanga, hasa kwa mwenye programu ya kazi ambayo hawezi kuihamisha ghafla. Anayenunua mashine leo na kuomba ten kwa sababu "ndiyo nyepesi", bila kujiandikisha, huyo ananunua kitu kilichokwisha.

Wepesi wenyewe, tukiwa hapo, mara nyingi hautokani na toleo. Laptopu yenye diski ya kuzunguka itakuwa nzito kwa ten, nzito kwa eleven, na mwenyewe atamlaumu fundi bure. Hela ya kwanza iende kwenye SSD, ya pili kwenye RAM ifike GB 8. Baada ya hapo ndipo tubishane juu ya matoleo.

Kuna jambo ambalo mafundi hawalizungumzi sana mbele ya wateja, nalo ni leseni. Laptopu nyingi za ofisi zilizotoka kiwandani baada ya 2015 zina leseni halali ya Windows 10 Pro iliyoandikwa ndani ya ubao wake. Leseni hiyo haifutiki kwa kubadilisha diski, na inaikubali pia Windows 11 Pro. Ukisakinisha Pro na kuunganisha intaneti, inajiamsha yenyewe, bila namba, bila malipo. Lakini fundi akiweka Home, au Enterprise kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye flashi yake, leseni haiendani na kilichowekwa, Windows inakataa kuamka, na hapo ndipo inapotolewa ile programu ya kuivunja, ambayo sharti lake la kwanza ni kuzima kinga ya virusi. Mteja amebebeshwa wizi ambao hakuuhitaji, wakati chake halali kimelala ndani ya mashine.

Kujua hali ya mashine yako, bonyeza Windows na R, andika slmgr /xpr, ubonyeze Enter. Ikikuambia imeamshwa kwa kudumu, ni dalili njema, ingawa si hakikisho. Ikikutajia tarehe ya kuisha, ndani ya siku 180, kuna uwezekano mkubwa umewekewa njia inayoitwa KMS, ambayo ni ya makampuni yenye mikataba na seva zao, na nyumbani kwako hakuna seva hiyo. Walio na kompyuta kongwe zenye stika ya Windows 7 wajue vilevile kwamba mlango wa kuitumia namba ile kuamshia Windows mpya ulifungwa na Microsoft mwezi Septemba 2023.

Kati ya Home na Pro, kwa matumizi ya nyumbani, chagua ile ambayo mashine ina leseni yake. Tofauti zake, kama vile kuiendesha kompyuta yako ukiwa mbali au kuisimamia kwa kanuni za ofisi, hazimhusu mwanafunzi wala mwenye duka la rejareja.

Lakini lipo la kumhusu kila mtu: akaunti. Windows 11 inapowekwa inadai barua pepe yenye akaunti ya Microsoft, na fundi mwenye foleni ya wateja hana muda wa kukufungulia. Anaweka yake. Kuanzia 24H2, mashine nyingi zinaposakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft, diski husimbwa yenyewe, na ufunguo wa kuifungua, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Miezi sita inapita. BIOS inasasishwa, au ubao unabadilishwa, na asubuhi moja kioo cha bluu kinaomba tarakimu 48. Picha za harusi, tasnifu, hesabu za kikundi cha akina mama, vyote viko ndani, na ufunguo uko kwenye barua pepe ya kijana ambaye huenda ameshahama duka. Hakuna fundi mwingine atakayeuvunja. Kusimba kulitengenezwa ili asiweze. Kwa hiyo fungua akaunti yako mwenyewe nyumbani kabla ya kwenda dukani, nenda nayo kichwani, iandike wewe mwenyewe kwenye kibodi. Ukishafika nyumbani, chapisha ule ufunguo au unakili kwenye karatasi, uuweke pamoja na vyeti.

Neno moja juu ya "Windows nyepesi" zinazozunguka kwenye flashi, zile zilizokatwakatwa na watu binafsi ili ziende kwenye RAM ya GB 2. Baadhi zimetengenezwa kwa ustadi. Lakini faili la kusakinishia lililotoka Microsoft lina alama ya uthibitisho wanayoichapisha wenyewe, nawe unaweza kuilinganisha na ya faili ulilopakua kwa amri ya certutil. Lililokatwa na mtu halina cha kulinganisha nalo. Mashine utakayoingilia benki isiwekewe kitu ambacho hujui kimetolewa nini na kuongezwa nini.

Kama mashine yako ni ya kizazi cha sita au cha saba, na kazi zake ni barua, kivinjari, darasa la mtandaoni, filamu na maombi ya mkopo wa chuo, chaguo ninalolipendekeza bila kigugumizi ni Linux. Si kwa falsafa; ni kwa tarehe. Linux Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, itahudumiwa hadi 2029, bure, kwenye mashine ileile ambayo Windows 11 imeikataa. Faili lake ni karibu GB 3, wakati la Windows 11 linapita GB 5, na kwa bei za bando tofauti hiyo inaonekana.

Huku nako namba kubwa huwaponza watu. Ubuntu, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, huyapa matoleo yake majina ya mwaka na mwezi. Toleo la 24.04 ni la Aprili 2024; la 25.10 ni la Oktoba 2025. Mgeni ataona 25.10 na kulichukua, kwani si ndilo la karibuni? Hilo linahudumiwa miezi tisa tu, hadi Julai 2026. La 24.04, lililo kongwe, ni la LTS, yaani la huduma ya muda mrefu, na lina miaka mitano. LTS hutoka kila baada ya miaka miwili, Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili bila masalio: 20, 22, 24, 26. Kwa kompyuta ya nyumbani chukua LTS, yaliyo katikati waachie wanaopenda kujaribu.

Linux ina mipaka yake, na anayekuambia haina hajawahi kukaa na prodyuza. FL Studio, ambayo studio nyingi za mitaani hutengenezea midundo, haina toleo la Linux. Photoshop haina. QuickBooks ya kusakinisha haina. Faili la Excel lenye makro nzito linaweza kukataa kufanya kazi ndani ya LibreOffice. Kisha kuna printa. HP LaserJet P1102, printa ndogo nyeusi ambayo utaikuta kwenye steshenari nyingi, inafanya kazi kwenye Linux, ila inahitaji programu-jalizi ya HP inayopakuliwa peke yake. Ukiiunganisha siku ambayo huna bando, itakaa kimya, na utadhani imekufa. Kwa hiyo usiamue kwa kusimuliwa. Mint huwaka moja kwa moja toka kwenye flashi bila kugusa diski. Iwashe hivyo, uunganishe Wi-Fi, uchapishe karatasi moja kwa printa yako, ufungue faili lako gumu kuliko yote, usikilize spika. Kilichogoma pale huenda kikagoma na baadaye.

Mashine za biti 32 zimefika ukingoni. Windows 10 ilikuwa ya mwisho kuwa na toleo lao, na Debian, Linux nyingine iliyozivumilia kuliko wengi, iliacha kuzitolea kisakinishi kuanzia toleo la 13 la Agosti 2025. Ikiwa laptopu yako ina RAM ya GB 8 lakini Windows inaiona kama GB 3 na kitu, haijafika huko. Imewekewa tu toleo la biti 32 na mtu aliyechagua flashi isiyo sahihi. Dai la biti 64.

Na wenye Mac: Apple hutoa toleo jipya kila mwaka, na viraka kwa kawaida huenda kwa la karibuni na mawili yaliyolitangulia. MacBook Air ya 2017, inayopendwa sana sokoni, inaishia kwenye Monterey, ambayo imeshaachwa nyuma ya mstari huo. Na macOS 26, iliyotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Muuzaji atakuonyesha tufaha. Wewe uliza chipu.

Jambo la mwisho ni la kufanya ukiwa bado dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni. Mwambie muuzaji aiweke Windows upya huku imeunganishwa na hotspoti ya simu yako. Atasita, kwa kuwa wengi husakinisha bila intaneti. Msubiri. Kompyuta zilizokuwa za ofisi wakati mwingine husajiliwa kwa Microsoft chini ya jina la kampuni, na usajili huo hauko kwenye diski. Uko kwenye seva, umefungamana na mashine yenyewe. Ikisakinishwa bila intaneti haijulikani. Ikiunganishwa wakati wa kuwekwa upya, kioo kitakukaribisha kwa jina la kampuni fulani ya mbali na kuomba barua pepe ya mfanyakazi wake. Kwa Linux haitakuzuia, lakini kila utakapotaka kuiweka Windows upya ukiwa na intaneti itarudi kuulizia mwenyewe. Ukiona jina hilo, irudishe mezani, uombe nyingine.